Siku Mashine za Aline Zilipogoma Kuwaka

Kwenye ghala la Wetherill Park, Sydney, alikofanya kazi, hakuna aliyejua kwamba Aline anaijua kompyuta. Hakuna aliyemuuliza. Walimpa fulana inayong'aa na kifaa cha kusoma namba za makasha, wakamwonyesha rafu zinapoanzia, naye akawa anatembea kati ya rafu hizo tangu asubuhi mpaka zamu iishe. Alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, mrefu, mwenye sauti ya chini na hatua za haraka, na wasimamizi walimpenda kwa sababu alikuwa hakosei makasha.

Kompyuta alijifunzia kambini Nyarugusu, kule Kigoma, alikokaa miaka mingi kabla ya kuletwa Australia pamoja na mumewe Balagizi na binti yao Goreth. Kambini kulikuwa na kituo kidogo cha mafunzo chenye umeme wa jua, na mashine zake zote zilitumia Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuubadilisha. Wenzake walitaka kujua kuandika barua na kutafuta ndugu mtandaoni. Aline alitaka kujua ni kwa nini maandishi meupe hupita mbio kwenye skrini nyeusi kila mashine inapowashwa. Mwalimu alimjibu, "Hayo si ya kusoma, mama. Hayo yanapita tu." Jibu hilo lilimkera, lakini maisha yakaja na mambo yake, na swali likalala.

Mwaka 2021, katikati ya baridi, Sydney ikafungwa. Corona ilikuwa imeshika kasi upande wa magharibi wa mji, huku kwao. Shule zikafunga milango, watoto wakaambiwa wasomee nyumbani kwa kompyuta. Ghala nalo likapunguza watu, na Aline, ambaye hakuwa na ajira ya kudumu, akaambiwa akae nyumbani Seven Hills asubiri kupigiwa simu. Simu haikuja. Balagizi ndiye aliyeendelea kutoka, kwa sababu alihudumia wazee, na kila akirudi alivua nguo zote gereji kabla hajamsogelea mtoto.

Katika nyumba nyingi za Wakongo wenzao hali ilikuwa moja: watoto wanne, simu ya mama, na masomo ya wote kwa saa ileile. Mama Généreuse, kiongozi wa akina mama kanisani, akahangaika huku na huku mpaka akapata laptop kuukuu. Nyingine zilitoka kwenye ofisi iliyokuwa ikihama, kubwa na nzito. Nyingine zilikuwa vijilaptop vya plastiki vilivyokwisha kutumiwa na watoto wa shule. Zote zilikuwa zimechoka. Aliposema kwenye simu kwamba sasa anatafuta mtu wa kuzifufua, Aline alijisikia akijibu kabla hata hajafikiri.

"Nileteeni mimi."

Meza ya kulia chakula ikageuka karakana. Aliziwekea Linux zote, akianza na moja, akaitengeneza vizuri, kisha akainakili kwenye nyingine. Goreth akawa anazifuta kwa kitambaa na kubandika nyota ya karatasi juu ya kila iliyokamilika. Nyumba zaidi ya ishirini zikapata mashine. Kila jioni mashine hizo zilichungulia mahali pamoja mtandaoni, na lolote ambalo Aline ameliweka pale zililishusha zenyewe na kulitekeleza, ili asilazimike kwenda nyumba kwa nyumba. Watu wakaanza kumwita fundi. Mtu aliyekaa miaka akiitwa mfanyakazi wa muda, jina kama fundi linamnyoosha mgongo.

Aliyemsaidia kupanga mambo hayo alikuwa Jerusha, Mkenya wa Quakers Hill, aliyetunza kompyuta kubwa za taasisi moja ya afya na wakati huo akifanyia kazi chumbani kwake. Walifahamiana kwenye kundi la maombi la WhatsApp lililowakutanisha Wakenya na Wakongo, na mpaka hapo walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. Jerusha alikuwa na sharti moja tu alilomwekea. "Dada Aline, kabla hujatuma kitu kwa mashine zote, ijaribu kwanza kwa ile ambayo haifanani na yako. Si ile ya kwako. Ile nyingine."

Aline alilizingatia sharti hilo wiki zote, isipokuwa Jumatatu moja.

Siku hiyo mashine kadhaa zilikuwa zikilalamika. Sehemu ndogo ya diski yenye vitu vya kuwashia mashine ilikuwa imejaa, na maonyo mekundu yalikuwa yakiwatisha watoto katikati ya masomo. Aline akachungulia kwenye mashine yake, akakuta kinachokula nafasi zaidi ni faili moja nene, kifurushi ambacho mfumo hukitumia wakati wa kuwaka. Akasoma mtandaoni kwamba kinaweza kupunguzwa: badala ya kubeba madereva ya kila aina ya kompyuta duniani, yaani zile programu ndogo zinazowezesha mfumo kuongea na vifaa, kinaweza kubeba yale tu yanayohitajika. Akabadilisha neno moja, akakitengeneza upya, kikapungua zaidi ya nusu. Akazima, akawasha. Mashine yake ikawaka haraka kuliko zamani.

Akafurahi kupita kiasi. Akaliweka faili lile mahali pa kushushia, na agizo kwamba kila mashine ifute cha zamani na kuweka kipya. Kisha akaenda kupika.

Asubuhi ya Jumanne simu ya kwanza ililia Goreth akiwa bado anakunywa uji. Ya pili ikaingia kabla ya kwanza haijakatwa. Ikafuata sauti ya Mama Généreuse kwenye kundi la akina mama, akiuliza kama ni mtandao, maana nyumba ya dada yake nayo iko vilevile. Wote walisema kitu kimoja: skrini nyeusi, maandishi meupe machache, na mashine haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kufika saa tatu, watoto wa nyumba kumi na kitu walikuwa nje ya darasa.

Aline alikaa kwenye kiti akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Mama Généreuse, bila kujua, alikuwa amemfungulia mlango: angeweza kusema ni mtandao, na kila mtu angeamini. Alianza hata kuandika hivyo. Akafuta. Akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Wamama, si mtandao. Ni mimi. Jana nilituma kitu bila kukijaribu vizuri. Msibonyeze kitu chochote, msimpige mtoto yeyote mkifikiri ameharibu. Nitazitengeneza."

Hapo ndipo Vénérand alipopiga. Alikuwa mtu wa Fizi, mchomelea vyuma, jirani wa ng'ambo ya reli hapohapo Seven Hills, na tangu mwanzo hakupenda habari ya mashine za kupewa. Alikula chakula cha msaada kambini nusu ya maisha yake, na alipofika Australia aliapa imetosha. Alikubali kwa ajili ya binti yake mkubwa, Gloire, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari.

"Mama Goreth," akasema, na akakohoa kwanza. "Ile mashine, ile ordinateri, iko nyeusi. Mtoto analia hapa. Kazi yake ya mwaka muzima iko mule ndani, na anapaswa kuitoa Ijumaa. Minakuuliza: ile kazi iko ao imekufa?"

"Iko, Baba Gloire. Nafikiri iko."

"Unafikiri!" Akakata simu.

Ndipo Aline akampigia Jerusha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi machozi yakamtoka.

"Ngoja, ngoja," Jerusha akasema. "Tulia kwanza, my dear. Hakuna mtu amekufa. Uko na mojawapo ya hizo zimekataa?"

Alikuwa nayo moja, kijilaptop cha plastiki kilichoachwa kwake kwa ajili ya Goreth. Akakiwasha. Maandishi yakapita, yakasimama.

"Soma mstari wa mwisho. Inasema nini?"

"Inasema diski haipo. Kisha kuna mabano, na ndani yake neno *initramfs*, na kialama kinachowakawaka."

Jerusha akashusha pumzi. "Sawa. Hapo umekwama mahali pazuri. Sasa nisikilize, na uniambie mahali unapotea. Mashine ikiwashwa, kitu ya kwanza kuamka ni kernel, ndiyo moyo wa Linux. Kernel inataka kufungua diski, kwa sababu vitu vyote viko huko: programu, kazi za watoto, kila kitu. Lakini diski ziko za aina nyingi, na kila aina inataka dereva wake. Hao madereva wanakaa wapi?"

Aline akafikiri. "Ndani ya diski."

"Umeona shida?"

"Ufunguo uko ndani ya nyumba, na mlango umefungwa."

"Basi. Ndiyo maana kuna hicho kifurushi. Kiko mahali pa wazi, penye hata programu ya kuwashia inaweza kufika bila dereva yeyote. Inakichukua, inampatia kernel mkononi. Kernel inakifungua ndani ya memory, ile kumbukumbu ya muda, si kwa diski, na huko inapata madereva wachache na maagizo madogo ya kuanzia. Inafungua diski ya kweli, inahamia huko, halafu hicho kifurushi kinafutwa. Kazi yake imeisha. Hicho ndicho kinaitwa initramfs."

Aline alikumbuka siku waliyosafirishwa kutoka Kigoma, kila familia ikining'iniza shingoni mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zao na picha za mapafu. Masanduku yalikuwa tumboni mwa ndege, huwezi kuyafikia. Ila bila mfuko ule hupiti mlango wowote, hata mzigo wako uwe mkubwa namna gani. Walipofika wakapewa nyumba, mfuko wenyewe ukaishia kabatini. Akamwelezea Jerusha.

"Haswa!" Jerusha akacheka. "Sasa wewe jana umefanya nini?"

"Nimetengeneza mfuko wenye karatasi zangu mimi peke yangu," Aline akasema polepole, "nikamvalisha kila mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Laptop yake ilikuwa miongoni mwa zile kubwa za ofisi, na kifurushi alichokipunguza kilibeba dereva wa diski ya aina hiyo tu. Zile kubwa zote zilikuwa zimewaka bila shida. Vile vidogo vya plastiki, ambavyo diski zake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, havikumkuta dereva wao, na cha zamani kilichokuwa naye kilikuwa kimefutwa kwa amri ya Aline mwenyewe.

"Kwa hiyo kazi ya mtoto wa Vénérand iko?"

"Iko vile aliiacha. Hakuna mtu ameguza diski. Sasa, mimi niko na mkutano, na kusema ukweli hata kama singekuwa nao nisingekufanyia. Kesho kitu ingine itaharibika na mimi sitakuwepo. Washa na flashi, ingia, utengeneze mfuko mpya hapo hapo kwa hiyo mashine. Nitakupigia wakati wa lunch."

Balagizi alikuwa kazini, Goreth yuko chumbani akisoma kwenye simu nyingine. Aline akaandaa flashi yenye Linux ndogo inayoweza kuwaka yenyewe, akaichomeka kwenye kijilaptop. Kikaamka kwa nguvu ya flashi. Diski ikaonekana, kazi za Goreth zote zimo. Alipiga makofi peke yake jikoni.

Kabla hajarekebisha chochote, alikifungua kile kifurushi kibovu aone kilivyo ndani. Alitegemea kukuta kitu cha ajabu. Akakuta vifolda vichache tu, kama nyumba ya mtu aliyehamia jana: programu kidogo, madereva kidogo, na faili moja la maagizo liitwalo *init*. Akalisoma mstari kwa mstari. Lilikuwa maandishi ya kawaida, ya kusomeka. Pakia madereva. Ingoje diski. Ikichelewa, ingoje tena. Ikionekana, ifungue. Mkabidhi mwenye nyumba, yaani mfumo wenyewe. Na kama diski haikutokea kabisa, mwombe binadamu msaada. Ndilo lile neno kwenye mabano. Kumbe skrini iliyowatisha watoto asubuhi ile haikuwa kifo cha mashine. Ilikuwa mashine iliyofika mahali ikashindwa, ikakaa chini kungoja mtu.

Akaingia kwenye mfumo wa kijilaptop, akarudisha neno alilobadilisha ili kifurushi kibebe madereva wa kila aina, akatoa amri ya kufuta nakala za zamani za kernel zilizokuwa zimeijaza ile sehemu ndogo. Hapo akajiuma mdomo: kama angezifuta hizo Jumatatu, nafasi ingetosha na lolote lisingetokea. Akatoa amri ya kutengeneza. Mashine ikafikiri, ikamaliza bila lawama. Akatoa flashi, akawasha.

Skrini nyeusi. Mabano yaleyale.

Akarudia tangu mwanzo. Mabano. Akarudia tena, safari hii akitamka kila amri kwa sauti kama anayefundisha mtu. Alipofika kwenye kuangalia sehemu za diski, akanyamaza ghafla. Ile sehemu ndogo ya kuwashia ilikuwa imekaa peke yake, haijafunguliwa. Alifungua sehemu kubwa akaisahau ndogo. Kifurushi kipya kilitengenezwa vizuri kabisa, kikawekwa kwenye folda tupu yenye jina lilelile, mahali ambapo programu ya kuwashia haitazami kamwe. Akaifungua sehemu ile, akatoa upya amri ya kufuta na ya kutengeneza, akawasha.

Maandishi yakapita mbio, na safari hii alijua yanasema nini. Diski. Imeonekana. Imefunguliwa. Kisha picha ya twiga aliyoiweka Goreth ikajaa kwenye skrini.

Jerusha alipopiga saa ya chakula, alikuta simu imepokewa na kicheko.

Zilizobaki hazikuweza kutengenezwa kwa mbali, kwa sababu mashine isiyowaka haiwezi kushusha kitu. Mama Généreuse aliuliza, akahakikishiwa kwamba kupeleka msaada kunaruhusiwa. Basi Aline akavaa barakoa, akachukua flashi, chupa ya dawa ya mikono na kiti cha kukunja, akaanza kuzunguka. Watu walimwekea laptop vibarazani wakarudi ndani. Alikaa nje kwenye baridi, mashine mapajani, huku nyuso za watoto zimebanwa kwenye kioo cha dirisha. Njiani alikuwa amewaogopa kuliko alivyowaogopa sasa akiwaona. Mama mmoja alimpitishia chai ya tangawizi. Mwingine alinyakua mashine yake akafunga mlango, na Aline akaona ni haki yake.

Nyumba ya Vénérand ilikuwa ya mwisho, siku ya pili, Jumatano alasiri. Alibonyeza kengele akarudi nyuma hadi kwenye nyasi. Pazia likafunguliwa, Vénérand akatokea dirishani, blanketi mabegani.

"Usikaribie, Mama Goreth. Tuko na ile ugonjwa. Bote. Matokeo yalikuja jana jioni. Hatuwezi kukupa ordinateri, itakuwa na virusi."

Aline alisimama pale na flashi yake. Kukirudisha kifurushi kile kulihitaji mikono juu ya mashine ile, na mikono yake isingeigusa.

"Basi Gloire atafanya mwenyewe," akasema. "Mimi nitamwambia."

"Gloire? Anajua nini?"

"Tutajua wote."

Akaiweka flashi kwenye kizingiti, akarudi kwenye nyasi, akakunjua kiti. Gloire, msichana wa miaka kumi na minane mwenye macho yaliyovimba, akaichukua akaketi upande wa pili wa kioo, simu begani. Alikielewa Kiswahili chote lakini hakujibu kwacho. Alijibu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Aline kilikuwa cha ghalani. Wakaanza hivyohivyo.

"Andika *mount*. Sasa nafasi. Kisha…"

"Aunty, it says command not found."

"Nisomee ulichoandika."

Gloire akasoma. Alikuwa ameandika *mountnafasi*, neno moja.

"Nafasi, mwanangu! Nafasi! Acha mahali patupu!"

Msichana akaangua kicheko, na Aline akacheka mpaka kiti kikayumba kwenye nyasi. Baada ya hapo mambo yakaenda. Aline alitamka herufi moja moja, Gloire akazirudia. Alimuuliza Aline maana ya kila amri, na Aline akamweleza, si kwa haraka. Safari hii alisisitiza ile sehemu ndogo ifunguliwe kwanza. Amri ya mwisho ilipotolewa, Gloire akatoa flashi, akawasha, akageuza mashine ielekee dirishani ili waone wote wawili.

Ikawaka.

Gloire alifungua folda yake. Mahojiano yake na akina mama wa Fizi juu ya safari zao, kurasa zote, yalikuwepo. Akaweka kiganja kwenye kioo.

Halafu akasogeza simu karibu na mdomo, akasema kwa sauti ndogo, na kwa Kiswahili, "Aunty, baba hapumui vizuri. Tangu asubuhi. Anasema tusiambie mtu."

Aline akainuka. Kupitia dirishani alimwona Vénérand kwenye kochi, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyekimbia. Akamwambia Gloire aiweke simu sikioni mwa baba yake.

"Baba Gloire, naita ambulensi."

"Hapana," akasema, akikata maneno. "Wanaokwenda kule… hawarudi. Wanakufa peke yao… hata mke haruhusiwi."

"Najua wanavyosema. Jana uliniuliza kama ile kazi ipo au imekufa, nikakwambia nafikiri. Leo sifikirii. Ukibaki hapa utakufa mbele ya mtoto. Ukienda, mashine hii iko hai, watakuona kila siku. Nitahakikisha wanakuona."

Aline hakungoja jibu. Alipiga namba ya dharura, akaeleza kwa Kiingereza chake cha ghalani, na Gloire akamsahihishia anwani. Wahudumu waliokuja walivaa nguo za kujikinga hadi usoni. Walipompitisha Vénérand kwenye kitanda cha magurudumu, alimtafuta Aline kwa macho kwenye nyasi, akainua kidole kimoja tu kumuaga.

Alilala hospitalini wiki nyingi, nyingine kati ya hizo bila kujitambua. Kila jioni muuguzi alimwekea kompyuta mbele, na upande wa pili, kwenye kile kijilaptop cha plastiki, mkewe na watoto walipanga vichwa kwenye skrini wakamwimbia, hata alipokuwa hasikii. Gloire alitoa kazi yake Ijumaa ileile. Mwalimu alimpa muda zaidi, akakataa. Alimwambia Aline kwamba kama angeahirisha angekaa tu kuitazama simu.

Oktoba mji ukafunguliwa. Ghala likamwita Aline, akarudi kwenye rafu zake. Jerusha alimtumia tangazo la kazi ya ufundi wa kompyuta, akamsukuma mpaka akaomba. Aliitwa kwenye usaili, wakamsifu, wakamchukua mwingine. Aliumia siku kadhaa. Kisha akajiandikisha kwenye masomo ya jioni, na Jerusha, ambaye hatimaye walionana kwenye kituo cha treni cha Quakers Hill wakakumbatiana kama dada waliopotezana, akawa anamsahihishia mazoezi.

Vénérand alirudi nyumbani amekonda, nguo zikimpwaya. Jumamosi moja ya Novemba alikuja kwa Aline akitembea polepole, ameshika sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofungwa kitambaa, na laptop chini ya kwapa. Wakakaa gereji, mlango umefunguliwa hewa ipite.

"Sikukuja kusema merci, kusema asante," akasema baada ya kupumzika. "Hiyo nitasema siku ingine, nikiwa na nguvu. Nimekuja unifundishe. Kule hospitali niliona banamuke bazee, bazungu, banapiga ile ordinateri mbio mbio. Nikasema, na mimi?"

Aline akamsogezea kiti, akaifungua mashine mbele yake. Vénérand aliinua vidole vyake vinene vyenye makovu ya moto wa kuchomelea, akatafuta herufi ya kwanza ya jina lake, akaipata. Alipofika kwenye ya pili akasimama.

"Hii ordinateri haina *e* yangu," akasema. "Ile yenye mukia juu."

"Ipo," Aline akasema, akavuta kiti chake karibu. "Ngoja nikuonyeshe inakaa wapi."